Nyumba za dharura na vituo vya abiria pwani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya maofisa wa halmashauri, kamati za maafa, wanafunzi wa ubunifu majengo na mafundi wa pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara na visiwani. Mifano mingine imetoka Japani, maana wenzetu wamepigwa na bahari mara nyingi na wameweka kumbukumbu nzuri za walichofanya, pamoja na walichokosea.

Nyumba za waathirika na kituo cha boti vinahusianaje?

Kisiwani vinahusiana moja kwa moja. Kimbunga Hidaya kilipotua Mafia tarehe 4 Mei 2024, kila kitu ambacho kisiwa kingehitaji kutoka bara kilikuwa lazima kipite gatini au uwanja mdogo wa ndege. Gati likivunjika, mabati na mahema yatabaki Nyamisati yakisubiri.

Kuna uhusiano mwingine ambao wachoraji huusahau. Majengo yote mawili ni ya watu wanaosubiri: mmoja anasubiri boti, mwingine anasubiri maisha yake yarudi. Anayesubiri anahitaji kivuli, maji, choo, pa kuweka mzigo wake bila wasiwasi, na habari za uhakika kuhusu kinachofuata. Ukichora kwanza jinsi mtu anavyofika, anavyokaa na anavyoondoka, kuta na paa zitapata mahali pake. Ukianza na sura ya jengo, utapata picha nzuri ya kuzindulia na foleni juani.

Vimbunga si mambo ya Msumbiji na Madagaska?

Kwa kawaida ndiyo. Karibu na ikweta nguvu ya mzunguko wa dunia inayokizungusha kimbunga ni dhaifu, kwa hiyo vingi hupita kusini yetu. Lakini Unguja ilipigwa Aprili 1872 na mashamba ya mikarafuu yakaangushwa. Lindi ilipigwa Aprili 1952. Kimbunga Kenneth kilitua tarehe 25 Aprili 2019 Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji unaopakana na Tanzania. Halafu akaja Hidaya.

Na kimbunga si janga pekee. Mvua za masika peke yake huwatoa watu majumbani karibu kila mwaka, na tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 iliua watu hata huku kwetu, maelfu ya kilomita kutoka Sumatra.

Nikipewa kazi ya makazi ya dharura, nianze na nini?

Anza na maji. Waulize wazee wa mtaa maji ya mvua hupita wapi, yalifika wapi mwaka ule mbaya kuliko yote, na bamvua, yaani maji makubwa ya bahari, hufika wapi. Weka vigingi. Uwanja ulio tambarare kabisa humvutia mpangaji, lakini hautoi maji; unataka mteremko mdogo, asilimia 1 hadi 5.

Kisha uliza ardhi ni ya nani. Kiwanja "cha serikali" mara nyingi kina mtu anayelima mihogo humo kwa miaka, na mnazi una mwenyewe hata kama ardhi chini yake ni ya mwingine. Jambo hili lisiposemwa mapema, ugomvi utaanza siku greda litakapofika.

Kwa Tanzania kumbuka pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na zile mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Kuwarudisha waathirika ndani ya mita hizo ni kuwaandalia janga la pili.

Kila mtu apewe nafasi kiasi gani?

Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika mengi ya misaada huvifuata, vinataka angalau mita za mraba 3.5 za ndani kwa mtu mmoja, bila kuhesabu jiko na bafu. Familia ya watu 5 inahitaji basi mita za mraba 17.5. Ni chumba cha mita 5 kwa 3.5. Kidogo, lakini kina kipimo.

Kosa kubwa hutokea kwenye eneo la nje. Ukijumlisha njia, vyoo, maji, shule, mahali pa kupikia na nafasi za kuzuia moto, kila mtu anahitaji mita za mraba 45. Watu 1,000 ni hekta 4.5, yaani ekari 11 na ushee. Ukiambiwa "wapangeni kwenye uwanja wa mpira", piga hesabu mbele ya aliyesema hivyo: uwanja wa mpira haufiki hata hekta moja.

Vipimo vingine vya kubeba kichwani: choo 1 kwa watu 20, kisizidi mita 50 kutoka nyumba, maji angalau lita 15 kwa mtu kwa siku, bomba lisizidi mita 500, na katika kila mita 300 za majengo, achia mita 30 tupu ili moto usivuke.

Vyoo vya shimo vinafaa pwani?

Mara nyingi havifai. Chini ya shimo panatakiwa pawe angalau mita 1.5 juu ya usawa wa maji ya ardhini, na shimo liwe mita 30 kutoka kisimani. Sehemu nyingi za pwani ukichimba mita mbili umeshakutana na maji. Inua choo juu ya tangi la matofali, weka ngazi na mkono wa kushikia, na panga na manispaa nani atakuja kunyonya na kwa fedha ipi. Tundu za wanawake ziwe tatu kwa kila moja ya wanaume. Komeo liwe ndani, taa iwe nje.

Kipi bora: hema, turubai na miti, au nyumba kamili?

Inategemea watakaa muda gani, na jibu la kweli ni kwamba watakaa zaidi ya mnavyodhani. Kambi ya wakimbizi ya Dadaab, Kenya, ilifunguliwa mwaka 1991 kwa ajili ya watu wapatao 90,000. Vizazi vimezaliwa humo. Kambi ya Nyarugusu kule Kigoma ilianza 1996. Hakuna aliyeziita za kudumu siku ya kwanza.

Kwa hiyo mimi hupendelea nyumba inayokua: msingi na nguzo imara na paa zuri tangu mwanzo, kuta za turubai au makuti kwa miezi ya kwanza, halafu mwenyewe aweke udongo, tofali au mbao kadiri anavyopata. Paa ndilo ghali na ndilo gumu kwa mwenye nyumba kulipata peke yake. Fedha ziende huko.

Ni kweli kuna nyumba za karatasi?

Ni kweli, na habari yake inapita Rwanda. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, shirika la wakimbizi la UNHCR liligawa turubai na mabomba ya alumini ya kusimamishia. Watu waliuza alumini, maana ilikuwa na bei, wakaenda kukata miti kutengeneza nguzo. Mbunifu Mjapani Shigeru Ban alipendekeza mirija ya karatasi ngumu, kama ile ya kati ya jora la kitambaa: ni imara ya kutosha kubeba turubai, lakini haina soko. Mwaka 1999 makazi 50 ya majaribio yalijengwa Byumba.

Kabla ya hapo, tetemeko la Kobe, Japani, la Januari 1995 lilimpa nafasi ya kujenga vibanda vya kuta za mirija hiyo juu ya kreti za bia zilizojazwa mifuko ya mchanga. Msingi wa kreti! Wenye kudhani msingi ni zege tu waufikirie. Mwaka 2014 alipata Pritzker, tuzo kubwa ya ubunifu majengo, na baadaye alifanya kazi ya nyumba za wakimbizi za Kalobeyei, Turkana, Kenya, pamoja na UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa.

Je, tutumie karatasi Tanga au Kilwa? Sidhani. Unyevu wa pwani na mchwa wetu ni wakorofi, na mirija yenyewe itabidi iagizwe. Cha kuiga ni swali aliloliuliza: nyenzo hii nikimpa mtu mwenye njaa, ataiuza? Na atakata nini badala yake? Hapa kwetu jibu la swali la pili ni mikoko, na mikoko ndiyo inayovunja nguvu ya mawimbi mbele ya kijiji.

Nyumba zigawiwe kwa bahati nasibu ili kusiwe na upendeleo?

Hapana. Kobe walifanya hivyo, wakawapa kipaumbele wazee na wagonjwa, na kila mmoja akapangiwa alipoangukia. Ilionekana haki. Matokeo yake wazee walijikuta kwenye safu za nyumba zenye majirani wasiowajua, mbali na soko lao na daktari wao, na baadhi walikufa peke yao ndani bila mtu kugundua kwa siku kadhaa. Baada ya tsunami ya Japani ya tarehe 11 Machi 2011, sehemu nyingi zilijaribu kuhamisha mtaa mzima pamoja.

Hamisha kwa mtaa, kwa jumuiya ya msikiti, kwa shina. Orodha ya balozi wa nyumba kumi ina faida zaidi kwa mpangaji kuliko ramani ya setilaiti. Upendeleo uuzuie kwa kubandika majina hadharani.

Kwa nini waathirika wengine hawataki kuhamia nyumba walizojengewa?

Nenda ukaangalie mlango. Nyumba za msaada hupangwa safu mbili zikitazamana, milango uso kwa uso, kwa sababu ndivyo zinavyopangika haraka. Mwanamke wa pwani akifungua mlango anaonekana hadi kitandani. Hakuna baraza la kumpokea mgeni bila kumwingiza ndani, hakuna uani wa kupikia, kuanika na kukaa bila ushungi. Ndani ya wiki utaona khanga na magunia yametundikwa kila upande. Wenyewe wanajenga uani ambao mchoraji aliusahau.

Suluhisho halina gharama kubwa. Zigeuze safu ili mgongo wa nyumba uangalie mgongo wa nyingine, acha mita 4 au 5 katikati kwa nyua, toa mlango wa nyuma, na pishanisha milango ya mbele. Kila familia ipewe makuti au mabua ya uzio siku ileile inapopewa ufunguo. Jiko liwe uani, upande ambao upepo wa kusi au wa kaskazi hautasukuma moshi na cheche kwa jirani.

Paa la kuhimili upepo mkali linajengwaje?

Paa la migongo minne lina nafuu kuliko la migongo miwili, na mwinuko wa nyuzi 30 hivi ni bora kuliko paa lililolala. Lakini fundi mzuri hutazama viungo. Upepo hauliangushi paa, unalinyonya kwenda juu. Kwa hiyo kila kitu kifungwe kana kwamba nyumba itapinduliwa: bati kwenye papi, papi kwenye kenchi, kenchi kwenye mkanda wa juu, mkanda kwenye nguzo, nguzo kwenye msingi. Kiungo kimoja kikikatika katikati ya mnyororo huo, vilivyobaki havina kazi.

Bati huanza kung'oka pembeni na kwenye kofia ya paa. Huko weka skrubu kila wimbi badala ya kuruka. Misumari mitupu hutoka. Ikilazimu kuitumia, iwe ya kusokotwa.

Paa la baraza lijengwe peke yake, lisiwe mwendelezo wa paa kubwa. Upepo ukilichukua, liende lenyewe.

Wavuvi wahamishiwe mbali na bahari?

Kulala, ndiyo. Kufanya kazi, haiwezekani. Baada ya tsunami ya 2004 serikali ya Sri Lanka ilitangaza ukanda wa kutojenga wa mita 100 kusini na magharibi, mita 200 kaskazini na mashariki. Wavuvi walikaa bila nyumba huku ardhi mbadala ikitafutwa, na baadaye masharti yakalegezwa. Ukimpeleka mvuvi kilomita 5 ndani, atajenga kibanda ufukweni cha kulinda ngalawa na mashine yake, kisha atalala humo, kisha mkewe atamfuata. Mjengee ghala la nyavu na mashine pwani kwa makusudi, na barabara ya kupanda juu ambayo mtoto anaweza kuikimbia usiku.

Tugeukie gati. Kwa nini ngazi za zege huwa tatizo?

Kwa sababu bahari yetu haikai mahali pamoja. Mombasa na Unguja, wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4. Wakati wa maji mafu huwa ndogo sana. Gati lenye usawa mmoja litakuwa sawa na boti kwa saa chache tu. Muda mwingine abiria ataruka, atabebwa, au atashuka ngazi ambazo nusu yake ya chini imeota ukoko wa kijani unaoteleza.

Jibu la kawaida ni jukwaa linaloelea, linalopanda na kushuka na boti, likiunganishwa na nchi kavu kwa daraja lenye bawaba. Hapo ndipo hesabu inapouma. Kwa kiti cha magurudumu mteremko unaokubalika ni 1 kwa 12. Kwa mita 4 unahitaji daraja la mita 48. Watu wengi hununua la mita 24, kwa hiyo maji yakipwa kabisa mteremko ni 1 kwa 6 na mama mjamzito mwenye begi anashuka kwa kushikwa mkono. Kama fedha haitoshi, kata kwenye jengo la juu. Vioo vinaweza kusubiri.

Ukumbi wa kusubiria uwe na ukubwa gani?

Usihesabu kwa wastani wa siku. Hesabu usiku wa kuamkia Iddi, boti moja imechelewa na abiria wa boti ya pili wameshafika. Kwa abiria wa safari ya Pemba au Unguja, mwenye ndoo, begi na mtoto, mimi huanzia mita za mraba 1.2 kila mtu. Boti mbili za watu 600 kila moja ni mita za mraba 1,440 zenye kivuli. Si lazima ziwe ndani ya ukuta. Banda refu lenye benchi na hewa ya bahari linapendeza kuliko ukumbi wa kiyoyozi kinachoharibika mwezi wa tatu.

Milango ina hesabu yake. Kwenye viwanja vya michezo, kipimo cha juu kwa njia ya usawa ni watu 82 kwa dakika kwa kila mita ya upana, na 66 kwenye ngazi. Hao ni watu mikono mitupu. Kwa abiria wenye mizigo, kata nusu. Ngazi ya mita 1.2 basi itatoa watu 600 kwa dakika 15 hivi, na wakati huo wanaopanda wasiruhusiwe kusogea. Njia ya kushuka na ya kupanda zisikutane popote; zitenganishwe, hata kama ni kwa kamba.

Idadi ya abiria si kazi ya nahodha?

Ni yake, lakini kituo ndicho kinachomsaidia au kumshinda. Mtongwe, Mombasa, tarehe 29 Aprili 1994, feri ilipinduka na watu 272 wakafa. MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi tarehe 10 Septemba 2011 ikiwa imejaza kupita uwezo. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikikaribia gati la Ukara, Ziwa Victoria, nayo ilikuwa imezidisha abiria. Walifariki zaidi ya watu 220.

Umati uliokwisha kufika ukingoni haurudishwi na askari wawili. Kwa hiyo uzuie mapema, mbali na maji: tiketi, kisha lango la kuzunguka linalohesabu, kisha zizi la kusubiria lenye ukubwa wa boti moja tu. Likijaa, lango linafungwa. Likoni, Mombasa, ambako watu zaidi ya 300,000 huvuka kwa siku, mabanda ya kusubiria ndiyo yanayoshika watu kabla ya mteremko. Mchoraji akiuchora mteremko mpana unaoanzia barabarani hadi kwenye feri bila kizuizi katikati, amechora hatari.

Tunaweza kujenga kama Yokohama?

Kituo cha abiria cha Osanbashi huko Yokohama, Japani, kilichokamilika mwaka 2002 kwa michoro ya Farshid Moussavi na Alejandro Zaera-Polo, ni gati la mita 430 kwa 70 ambalo paa lake ni bustani ya mbao na nyasi wazi kwa kila mtu. Ndani hakuna nguzo. Chuma kimekunjwa kikajibeba, na watu hupanda kwa miteremko badala ya ngazi. Jioni wenyeji huja kupunga upepo bila kuwa na safari yoyote.

Wazo hilo la mwisho ni letu kabisa: Forodhani ya Unguja inafanya hivyohivyo bila paa la chuma. Lichukueni. Lakini Yokohama hupokea meli kubwa za kitalii, na bahari yake haipandi na kushuka kama ya Mombasa. Chuma kilichokunjwa kinahitaji rangi na mafundi wa kukikagua kila mara. Mimi ningechukua miteremko na paa la kukaliwa, nikaacha mengine Japani.

Makuli na mikokoteni waondolewe ili pawe safi?

Mkiwaondoa watarudi kesho kupitia lango la magari. Wapeni njia yao ya mita 2, sakafu isiyo na vizingiti, mizani, na benchi ya kupumzikia kivulini.

Kwa nini zege la gati hupasuka mapema?

Chumvi imefikia nondo. Zikipata kutu hufura na kuibandua zege. Funika nondo kwa angalau milimita 50 za zege zito, mchanga usitoke ufukweni, maji ya kuchanganyia yawe baridi, yaani yasiyo ya chumvi, na zege limwagiliwe siku 7 bila kukosa. Fundi akikuonyesha nondo zinazogusa mbao za fomu, mwambie asimimine.

Kituo kinaweza kuwa kimbilio wakati wa maafa?

Kwa mafuriko na siku za baada ya kimbunga, ndiyo, kama sakafu iko juu, kuna tangi la maji ya mvua, umeme wa jua na ghala linalofungwa. Kwa tsunami, la. Walioko kituoni wanatakiwa waondoke, hivyo mshale wa njia ya kupanda juu uonekane kabla ya tangazo la bei za tiketi.

Vibali ni vya nani?

Tanzania Bara: halmashauri kwa kibali cha ujenzi, mbunifu aliyesajiliwa na AQRB, bodi ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, NEMC kwa tathmini ya mazingira, TPA kwa bandari, TASAC kwa usalama wa vyombo. Zanzibar ina Shirika lake la Bandari na Mamlaka yake ya Usafiri Baharini. Kenya ni KPA kwa bandari, NEMA kwa mazingira, na serikali ya kaunti. Nyumba za dharura zipite pia kwenye kamati ya maafa ya wilaya, nayo ishirikishwe kabla ya mfadhili kuchapisha picha.

Naweza kupata mchoro uliokwisha chorwa nikautumia?

Mchoro wa nyumba, ndiyo, ukishaubadilishia mlango, uani na msingi. Mchoro wa gati, usithubutu. Kabla ya mstari wa kwanza unahitaji kipimo cha kina cha maji, udongo wa chini, na mtu aliyekaa pale msimu mzima wa kusi na wa kaskazi akiandika boti zilifunga upande gani, na siku zipi zilishindwa kufunga kabisa.